Gharama za Kumtibu Jamaa na Ritani ya Kodi ya Marekani: Kaeni Kikao Kabla ya Kulipa

Ukiwa unaishi Marekani na unamuuguza mzazi, ndugu au mtoto wa ndugu, sheria ya kodi ya nchi hiyo inakuruhusu kutoa sehemu ya gharama za matibabu yake kwenye mapato yako kabla hayajatozwa kodi. Ruhusa hiyo ni ya kweli na ni ya siku nyingi, ila haiangalii nani alikesha wodini wala nani aliuza gari lake. Inaangalia mambo matatu: mgonjwa ni nani wako kisheria, fedha zimetoka mkononi mwa nani, na zimelipwa tarehe gani. Familia zetu huchangishana kwanza, kisha zinauliza habari za kodi mwezi wa tatu wa mwaka unaofuata, wakati bili zimeshalipwa na jina la mlipaji halibadiliki tena. Ndiyo maana mwongozo huu unaelekezwa kwenye kikao cha familia kinachofanyika kabla fedha hazijatoka. Hesabu zote humu ni za mapato ya mwaka 2025, ambayo ritani yake hupelekwa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kufikia tarehe 15 Aprili 2026.

Aliye nyumbani na aliye Marekani

Nianze na linalowauma wengi. Mama aliye Mwanza, Mombasa au Bukavu, asiye raia wa Marekani na asiye na grini kadi, haingii kwenye hesabu hii. Haingii hata kama umelipa bili yake yote ya kusafishwa damu, hata kama risiti zote unazo, hata kama hana mwingine wa kumtazama. Sheria inataka mtegemezi awe raia wa Marekani, au awe mkaazi wa Marekani kwa tafsiri ya kodi, au mkaazi wa Canada au Mexico, walau kwa sehemu ya mwaka huo. Kwa watu ambao nusu ya ukoo wao iko ng'ambo ya bahari hili ni sharti zito, lakini ndivyo lilivyoandikwa. Mtayarishaji wa ritani akikwambia "tutaiingiza tu, hawaangalii", mwache, tafuta mwingine. Sahihi inayobaki kwenye fomu ni yako, na barua ya ukaguzi itakuja kwa jina lako.

Wala usijaribu kuihamishia kwenye sadaka. Mchango wa kumtibu mtu mmoja anayejulikana kwa jina ni zawadi kwa mtu huyo, uwe umepitia kwenye kundi la WhatsApp, kwa mweka hazina wa chama cha watu wa kwenu, au kwenye tovuti ya kuchangisha. Makato ya sadaka ni kwa taasisi zinazotambuliwa na sheria ya Marekani. Fedha ulizoitumia moja kwa moja hospitali ya misheni huko Kigoma ni jambo jema, ila kwenye ritani hazina pa kukaa.

Hata hivyo, wako walio nyumbani ambao wanahesabiwa, na watu wengi hawalijui hili. Wa kwanza ni mke au mume. Sharti la uraia na ukaazi ni la wategemezi, na mwenzi wa ndoa si mtegemezi. Mkeo aliye Tanga akisubiri viza, ukimlipia upasuaji, gharama hiyo unaweza kuihesabu, mradi mlikuwa mmeoana siku alipotibiwa au siku ulipolipa.

Wa pili ni mtoto aliyezaliwa Marekani anayelelewa na bibi yake Eldoret au Arusha. Huyo ni raia. Ikiwa wewe mzazi ndiye unayebeba zaidi ya nusu ya matumizi yake, na bibi hapeleki ritani ya kodi Marekani, bili ya malaria kali au ya mguu uliovunjika aliyolipiwa huko huko inaingia kwenye hesabu yako. Matibabu ya nje ya Marekani hayakataliwi kwa sababu ya mahali yalipofanyika, mradi yawe halali huko na halali Marekani pia.

Wa tatu ni mzazi mwenye grini kadi aliyekwenda nyumbani kusalimia akaugua. Akilazwa hospitali ya KCMC pale Moshi ukamlipia bili, unaihesabu. Nauli ya ndege ni jambo jingine: inaingia tu ikiwa safari yenyewe ilikuwa ya matibabu. Aliyekwenda harusini akaanguka kwa presha, nauli yake haimo. Na dawa zilizonunuliwa nje kisha zikaletwa Marekani kwenye sanduku kwa kawaida hazihesabiwi. Zilizoandikwa na daktari zikanunuliwa na kutumiwa huko huko zinahesabiwa.

Yuko pia mgeni aliyekuja kwa viza ya kutembea akakaa muda mrefu. Ukaazi wa kodi haufuati grini kadi peke yake, unafuata siku vilevile. Chukua siku alizokaa mwaka huu, ambazo lazima zisipungue 31, ongeza theluthi moja ya siku za mwaka jana na sudusi moja ya siku za mwaka juzi. Jumla ikifika 183, kwa kawaida amekuwa mkaazi wa kodi. Ila siku alizoshindwa kuondoka kwa ugonjwa uliomkuta akiwa humo humo Marekani hutolewa kwenye hesabu hiyo, na hapo ndipo familia nyingi hukosea. Kumbuka pia kwamba mkaazi wa kodi anawajibika kwa mapato yake ya dunia nzima. Mzazi mwenye mali nyumbani asiingizwe kwenye hali hiyo bila kuuliza mtaalamu.

Nani ni jamaa kwa macho ya sheria

Orodha ya sheria ni pana kuliko watu wanavyodhani, lakini haifuati mpangilio wa ukoo wetu. Wazazi, mababu na mabibi, ndugu wa baba mmoja mama mmoja na wa baba mmoja tu au mama mmoja tu, mke wa baba na mume wa mama, wote wamo hata kama hawaishi nawe. Shangazi, mjomba, baba mkubwa, mama mdogo wamo, maadamu ni ndugu wa damu wa mzazi wako. Mtoto wa kaka au wa dada yako yumo. Wakwe na shemeji wamo, na undugu huo wa ndoa haufi kwa kifo wala kwa talaka: mama mkwe anaendelea kuwa mama mkwe wako kisheria hata mumeo akifariki. Hilo nimeona limewasaidia wajane waliobaki kumtunza mama wa marehemu.

Wasiomo ni binamu, mke wa mjomba, mume wa shangazi, na mtoto wa rafiki uliyemchukua kumlea bila karatasi za mamlaka. Hao wanaweza kuhesabiwa kwa njia moja tu, nayo ni kuishi nyumbani mwako mwaka mzima kama watu wa nyumba hiyo. Kwetu mtoto wa baba mdogo ni ndugu yako kabisa. Kwenye fomu ni binamu, na ukiandika "ndugu" umeandika uongo.

Undugu ukithibiti, lifuatalo ni matunzo. Lazima uwe umetoa zaidi ya nusu ya matunzo yake yote ya mwaka. Usikisie hapa, fanya hesabu kwenye karatasi. Chukua mama anayeishi nawe, ana grini kadi, na ana nyumba ya kupangisha Kisauni inayomwingizia kama dola 7,000 kwa mwaka ambazo anajinunulia mahitaji yake. Chumba anachokaa nyumbani kwako kina thamani ya kodi ya pango, tuseme dola 600 kwa mwezi, yaani 7,200 kwa mwaka, na hiyo inahesabiwa kama umetoa wewe. Chakula cha nyumba ni dola 12,000, mko watano, fungu lake ni 2,400. Nguo na usafiri 900. Matibabu uliyolipa wewe 24,300. Upande wako jumla ni 34,800, upande wake 7,000. Umepita nusu kwa mbali. Na kama zile 7,000 angeziweka benki asizitumie, zisingehesabiwa kabisa kwenye matunzo yake, kwa kuwa kinachopimwa ni kilichotumika. Mafao ya matibabu yanayolipwa na Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, nayo hayahesabiwi kama matunzo ya upande wowote.

Sasa lipo jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo la thamani kuliko yote katika sheria hii. Ili mtu awe mtegemezi kamili kwa mwaka 2025, mapato yake ghafi lazima yawe chini ya dola 5,200. Mama wa Kisauni ana 7,000, na kodi ya pango huhesabiwa kabla ya kutoa ukarabati na gharama nyingine. Kwa hiyo si mtegemezi kamili: hupati ile nafuu ya dola 500 ya mtegemezi mwingine, na kama hujaoa au hujaolewa, hupati kwa ajili yake hadhi ya mkuu wa kaya. Wengi wakifika hapo hufunga faili. Wasifunge. Kwa gharama za matibabu peke yake, sharti hilo la kipato limeondolewa. Akitimiza undugu, ukaazi na matunzo, bili zake unazihesabu ingawa yeye mwenyewe huwezi kumwandika kama mtegemezi. Vivyo hivyo kwa mtoto mkubwa aliyeoa na kupeleka ritani ya pamoja na mkewe. Na kwa wazazi waliotengana, kila mmoja anahesabu kile alichomlipia mtoto, hata kama anayemwandika mtoto kama mtegemezi ni mwenzake.

Mchango wa ndugu unavyopoteza haki

Hapa ndipo tunapoumia zaidi, kwa sababu namna tunavyolipa ndiyo namna inayoharibu. Ndugu wanne wana mama mgonjwa Marekani. Bili ya hospitali ni dola 16,000. Wanafungua kundi, kila mmoja anatuma 4,000 kwa kaka mkubwa, naye analipa hospitali kwa kadi yake. Risiti ina jina la kaka mkubwa na dola 16,000 kamili. Mwaka unaofuata anaandika 16,000 kwenye ritani yake. Amekosea: 12,000 amerudishiwa na wadogo zake, zake ni 4,000 tu. Na wale watatu waliotuma hawawezi kuandika chochote, kwa sababu hakuna kati yao aliyebeba zaidi ya nusu ya matunzo ya mama. Dola 12,000 zimepotea kwenye kodi ya familia nzima.

Sheria ina njia ya ndugu wanaochangia. Ikiwa hakuna mmoja aliyetoa zaidi ya nusu, lakini mkijumlishwa mmetoa zaidi ya nusu, na yule mtakayemchagua ametoa zaidi ya asilimia 10, basi huyo mmoja anaweza kumchukua mama kwa mwaka huo. Wengine wote waliotoa zaidi ya asilimia 10 wanatia sahihi karatasi ya kukubali kwamba hawatamwandika, na mchaguliwa anaambatisha Fomu 2120 kwenye ritani yake. Mwaka unaofuata mnaweza kumchagua mwingine. Lakini hata mchaguliwa huyo anahesabu zile tu za matibabu alizolipa yeye kwa fedha zake. Zilizolipwa na ndugu wengine hazihesabiwi na mtu yeyote.

Kwa hiyo kikao kigawane kazi badala ya kugawana bili. Mchaguliwa alipe hospitali, duka la dawa na bima. Dada alipe pango la mama, mdogo wenu anunue chakula na umeme, mwingine ashike nguo na simu. Kila mtu ametoa kiasi kile kile ambacho angetoa kwenye mchango, na fedha zote za matibabu zimekaa kwenye ritani moja. Huhitaji ujanja wowote; kitabu cha IRS chenyewe, Publication 502, kina mfano unaokaribiana sana na huu. Mmchague nani? Yule mwenye riba ya mkopo wa nyumba na kodi kubwa ya jimbo, kwa sababu nitakayoeleza kwenye hesabu. Na mkubaliane mwezi wa kwanza, au siku mama alipoanza kuugua, kwa sababu Desemba mnakuta bili zimeshalipwa na kila aliyekuwa na kadi karibu.

Kanuni nyingine za ulipaji ni fupi. Lipa hospitali au duka la dawa moja kwa moja: ukimpa mama fedha akalipe mwenyewe, mlipaji ni mama. Malipo ya moja kwa moja kwa hospitali yana faida ya pili, hayahesabiwi kwenye kikomo cha zawadi cha dola 19,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Tarehe inayotawala ni ya kulipa, si ya kutibiwa. Ukilipa kwa kadi ya mkopo, ni siku kadi ilipopitishwa, hata kama deni la kadi utalimaliza miaka miwili mbele. Kulipia mapema matibabu ya mwaka ujao, kwa kawaida, hakukubaliki. Na kilicholipwa na bima hukihesabu hata kidogo.

Mgonjwa akifariki, bili zake ulizolipa baada ya kifo unazihesabu ikiwa alitimiza masharti siku alipotibiwa. Gharama za mazishi na za kusafirisha mwili kwenda nyumbani hazimo hata senti moja. Nayasema haya kwa uchungu, maana najua ni kiasi gani.

Kipi kinahesabiwa

Daktari, hospitali, maabara, meno, miwani, kifaa cha kusaidia kusikia, kiti cha magurudumu, dawa zilizoandikwa na daktari, insulini, matibabu ya akili: vyote vimo. Dawa za kujinunulia bila cheti, vitamini, virutubisho na upasuaji wa urembo havimo. Ukimpeleka kliniki kwa gari lako, ni senti 21 kwa maili, pamoja na maegesho na ada za barabara. Akilazimika kulala mji mwingine kwa matibabu ya hospitali, malazi ni hadi dola 50 kwa usiku kwa mtu mmoja, na kama hawezi kusafiri peke yake, msindikizaji naye anahesabiwa. Chakula cha hotelini hakimo. Mteremko wa kiti cha magurudumu mlangoni na vishikio vya bafuni vinahesabiwa kwa gharama yote.

Ada za bima zinasahaulika mno. Mzazi uliyemleta akiwa mzee hajafanya kazi Marekani zile robo 40, kama miaka 10, zinazompa Sehemu A ya Medicare bila ada. Akishafikisha umri wa miaka 65 na miaka 5 mfululizo ya ukaazi kwa grini kadi, anaweza kuinunua. Mwaka 2025 ada ya Sehemu A ilifika dola 518 kwa mwezi, na ya Sehemu B ilianzia dola 185. Ukilipa wewe zote mbili kwa mwaka mzima ni dola 8,436, na zote ni gharama za matibabu. Nimeona ritani zenye risiti za miwani ya dola 90 zilizopigwa pini kwa uangalifu mkubwa, na ada za bima za maelfu hazikutajwa popote.

Utunzaji wa mzee unahitaji karatasi kabla ya fedha. Nyumba ya wazee ikiwa ndipo alipo kwa sababu ya matibabu hasa, ada yote inahesabiwa, chakula na malazi pamoja. Ikiwa yuko hapo kwa kuwa nyumbani hakuna wa kushinda naye, inahesabiwa ile sehemu ya uuguzi tu. Bili ya mwezi huwa mstari mmoja wenye tarakimu moja kubwa. Omba ofisi yao barua inayotenganisha uuguzi na malazi, na uiombe mwaka ungali unaendelea. Mzee asiyeweza mwenyewe mambo mawili kati ya sita (kula, kwenda chooni, kuinuka na kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kuoga, kuvaa, kujizuia haja) kwa muda usiopungua siku 90, au anayehitaji kusimamiwa kwa usalama wake kwa sababu amepoteza kumbukumbu vibaya, akiandikiwa cheti na mpango wa utunzaji na daktari, muuguzi aliyesajiliwa au mfanyakazi wa ustawi wa jamii mwenye leseni, hata huduma za kumwogesha na kumlisha zinahesabiwa. Lakini ukimlipa dada yako kwa utunzaji huo wa muda mrefu, hazihesabiwi, ila kama dada ana leseni ya huduma hiyo. Ni ndugu zetu wengi wanaofanya kazi hizi za uuguzi Marekani. Leseni ya dada ipigeni nakala muiweke kwenye faili.

Hesabu yenyewe

Gharama hizi huandikwa kwenye Schedule A ya Fomu 1040, na zinaanza kufaa baada ya kuvuka asilimia 7.5 ya mapato yako ghafi yaliyorekebishwa. Kiwango hicho kilibadilishwa mara kadhaa hadi Bunge la Marekani lilipokifanya cha kudumu kwa sheria ya Desemba 2020. Kisha kuna kizingiti cha pili: ukiorodhesha makato yako, unaacha makato ya kawaida, ambayo kwa mwaka 2025 ni dola 15,750 kwa asiye na ndoa, 23,625 kwa mkuu wa kaya na 31,500 kwa wanandoa wanaopeleka ritani pamoja.

Turudi kwa mama wa Kisauni, na wanandoa wanaomtunza wana mapato ya dola 92,000. Asilimia 7.5 yake ni 6,900. Matibabu ya mama 24,300, yao wenyewe 3,100, jumla 27,400. Toa 6,900, zinabaki 20,500. Wana kodi ya jimbo na ya nyumba 6,200, riba ya mkopo wa nyumba 9,800, na zaka kanisani 3,000. Bila matibabu makato yao yangekuwa 19,000, chini ya 31,500, na wasingeorodhesha. Pamoja na matibabu ni 39,500, yaani 8,000 juu ya makato ya kawaida. Wako kwenye kiwango cha kodi cha asilimia 12, kwa hiyo kodi inapungua kwa dola 960. Dola 27,400 zimetoka, 960 zimerudi. Nakuonyesha hesabu hii ili ujue unachotarajia. Kwa familia inayoishi nyumba ya kupanga, bila mkopo wa nyumba, na bili ya dola 5,000, njia hii haitatoa kitu. Ndiyo maana nilisema mmchague mwenye riba na kodi kubwa ya jimbo.

Kwa hiyo mwaka mnaojua utakuwa wa bili nyingi, zikusanyeni humo: meno ya baba yaliyokuwa yanangoja, miwani, kifaa cha kusikia, deni la zamani la hospitali, vyote vilipwe kabla ya 31 Desemba ya mwaka huo huo. Mwaka unaofuata mrudi kwenye makato ya kawaida.

Na kwa walio wengi, ambao hawatavuka kizingiti, mlango bora ni akaunti ya akiba ya afya, HSA, au ile ya kazini iitwayo FSA. Fedha zinazoingia humo hazitozwi kodi ya mapato tangu dola ya kwanza, huhitaji asilimia 7.5 wala kuorodhesha. Kikomo cha mwaka 2025 cha HSA ni dola 4,300 kwa mtu mmoja na 8,550 kwa bima ya familia, nayo inamtaka mwenye bima ya aina maalumu yenye kiwango kikubwa cha kujilipia kwanza. Cha FSA ni 3,300. Watu hudhani fedha hizo ni za waliomo kwenye bima yao tu. La hasha. Mama wa Kisauni mwenye 7,000 za pango, ambaye hayumo kwenye bima yako, anaweza kulipiwa dawa na meno kwa HSA yako, kwa kuwa humo nako sharti la kipato limeondolewa. Ila senti iliyolipwa kwa HSA huiandiki tena kwenye Schedule A.

Kodi ya jimbo iangalie peke yake. Texas na Florida hazitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi. New Jersey inahesabu matibabu yanayozidi asilimia 2 tu ya mapato, na haikulazimishi kuacha makato ya kawaida ya serikali kuu. Aliyeshindwa kwenye ritani ya shirikisho anaweza kufaidika kwenye ya jimbo, mradi asome jimbo lake linamwita nani mtegemezi.

Karatasi

Kila malipo yawe na mambo manne kwenye karatasi: jina la mgonjwa, jina la aliyetibu, kiasi, na tarehe ya kulipwa. Duka la dawa litakupa orodha ya mwaka mzima ukiiomba, iombe Januari. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha fedha ziliondoka, hauonyeshi zilitibu nini, kwa hiyo kwa mtoto raia aliye Eldoret au mzazi aliyelazwa Moshi, dai risiti ya hospitali yenyewe yenye muhuri, andika pembeni kiwango cha kubadilishia shilingi kwa dola siku ile ya malipo, na utumie chanzo kimoja cha viwango mwaka mzima. Risiti ya Kiswahili itafsiri maneno yake makuu pembeni. Weka pamoja na karatasi ile ya hesabu ya matunzo, nakala ya grini kadi au pasi, na sahihi za ndugu kama mlitumia Fomu 2120. Hizi huambatishi kwenye ritani isipokuwa Fomu 2120. Unazitunza nyumbani kwa miaka isiyopungua 3.

Kama umesoma hadi hapa ukakumbuka mwaka ambao ulimlipia mzazi bili kubwa na hukuandika kitu, bado kuna nafasi. Fomu 1040-X inakuruhusu kurekebisha ritani ya zamani, kwa kawaida ndani ya miaka 3 tangu ulipoipeleka, na unaweza kuacha makato ya kawaida uliyochukua wakati ule ukaorodhesha upya. Anza na kuomba historia ya malipo kutoka hospitali, duka la dawa na kampuni ya bima, kisha upige hesabu ya asilimia 7.5 na makato ya kawaida ya mwaka ule, si ya mwaka huu. Vituo vya hiari vya VITA, vinavyosaidia bure watu wa kipato cha chini na cha kati, huwa wazi zaidi kati ya Februari na katikati ya Aprili. Ukienda, nenda na faili zima, na ritani ya mwaka ule iwe juu.